Kabla ya Kununua Hisa za Kampuni ya Grafini
Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama wa kikundi cha akiba na uwekezaji, Tororo

Mheshimiwa Mwenyekiti, Katibu, Mweka Hazina, wazee wetu, mama zetu, na ninyi vijana ambao ndio mliolileta jambo hili mezani, nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kulizungumza kwa kirefu. Katika kikao kilichopita tulisikia pendekezo kwamba kikundi kitoe sehemu ya akiba yake, ambayo mpaka leo iko katika hatifungani za serikali na katika hisa za kampuni za simu zilizoorodheshwa Kampala, kikanunue hisa za kampuni moja ndogo iliyo katika soko la hisa la London, ambayo inatengeneza grafini ya kuchanganywa katika saruji, rangi na plastiki. Kikao kiligawanyika. Wapo walioiona kampuni ile kuwa MTN ya kesho, kama ile kampuni ya simu ambayo hisa zake tunazo, na wapo walioiona kuwa upatu uliovikwa suti. Kwa kuwa nilifundisha kemia kwa muda, kisha nikafanya kazi katika maabara ya kupima ubora wa saruji, Mwenyekiti aliniomba niisome taarifa ya kampuni hiyo na kuleta maoni yangu. Jina lake sitalitaja, kwa sababu maneno haya yatachapwa na kusambazwa na kura bado haijapigwa.

Nianze kwa kusema kwamba wanaoiita kampuni hii utapeli wanakosea, na wanakosea kwa sababu hawajaitazama sayansi yenyewe. Grafini ni tabaka moja la atomu za kaboni lililotolewa katika grafiti, madini ambayo ndugu zetu wa Tanzania huyaita kinywe na ambayo sisi sote tumeyashika mkononi tukiwa darasa la kwanza, maana ndiyo yaliyo ndani ya penseli. Mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov, katika Chuo Kikuu cha Manchester, walibandua tabaka hilo kwa utepe wa gundi wa kawaida, na mwaka 2010 wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Vipimo vilivyofanywa miaka michache baada ya ugunduzi vilionyesha kwamba tabaka hilo lina nguvu ya kuhimili mvuto kuzidi chuma cha ujenzi zaidi ya mara 100, na kwamba linapitisha joto na umeme vizuri mno. Umoja wa Ulaya ulitenga euro bilioni 1 kwa utafiti wake kuanzia mwaka 2013. Hakuna mtu anayeweza kuyaita hayo mazingaombwe.

Lakini vijana wetu nao waliposimama kutetea pendekezo, takriban kila hoja yao ilikuwa inahusu uzuri wa grafini. Walisema ni nyepesi, ni imara, itaingia kila mahali. Niliandika hoja hizo katika daftari langu, na katika hizo zote sikuona hata moja iliyotaja nani ananunua, kiasi gani, kwa bei gani, na kama alirudi kununua tena. Sisi hatununui grafini. Tunanunua hisa, yaani kipande cha kampuni yenye wafanyakazi wa kulipwa, mitambo ya kuendeshwa na fedha zinazoweza kwisha. Kitu kinaweza kuwa cha kweli kabisa, kikaja kubadilisha viwanda vya dunia, na bado kikawamaliza wenye hisa wa kwanza, na historia ya vitu vya namna hii imejaa mifano ya hivyo.

Tukio la karibu zaidi na jambo letu ni la Applied Graphene Materials, kampuni iliyozaliwa katika Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza. Iliingia katika AIM, soko la London la kampuni ndogo, mnamo Novemba 2013 kwa peni 155 kwa hisa (peni 100 ni pauni moja), ikakusanya pauni milioni 11, na ilikuwa na bidhaa halisi: rangi za kuzuia kutu zenye grafini ndani yake, zilizouzwa kwa wateja halisi. Hapakuwa na udanganyifu wowote. Ila mauzo yalikua polepole kuliko matumizi, fedha zikaombwa tena kwa wenye hisa, zikaisha tena, na mwaka 2023 biashara zake zikauzwa kwa kampuni ya Kanada iitwayo Universal Matter kwa bei iliyokuwa sehemu ndogo tu ya fedha zilizokusanywa katika miaka 10. Teknolojia yake iliendelea kuishi mikononi mwa mnunuzi mpya, lakini mtu aliyenunua hisa kwa peni 155 hakuwa na nafasi katika maisha hayo ya pili.

Wala tusidhani kwamba tatizo ni udogo wa kampuni peke yake. Bayer, kampuni kubwa ya Ujerumani, ilijenga kiwanda cha nanotyubu za kaboni mjini Leverkusen, chenye uwezo wa tani 200 kwa mwaka. Nanotyubu ni ndugu wa grafini, ni tabaka lile lile likikunjwa kuwa mrija. Mwaka 2013 Bayer ilitangaza kuachana na kazi hiyo, kwa sababu matumizi yaliyotarajiwa hayakuwa yameungana na biashara yake kuu. Tofauti ni kwamba Bayer ilifunga mlango huo na kuendelea kuuza dawa na plastiki. Kampuni yenye bidhaa moja ikifunga mlango huo, imejifungia nje.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu nadhani ndipo ulipo mzizi wa jambo zima. Vitu vipya vya namna hii huchukua miaka mingi sana kutoka maabara hadi sokoni, na swali ni nani anayelisha familia katika miaka hiyo. Tazameni nyuzi za kaboni, zile nyuzi nyeusi ambazo leo hutengenezea miili ya ndege. Waingereza walikuwa mbele katika miaka ya 1960, na Rolls-Royce ilijaribu kuzitumia kutengenezea mapanga ya mbele ya injini yake ya ndege iitwayo RB211. Mapanga yale yalipojaribiwa kwa kurushiwa mzoga wa kuku, kuona kama yatahimili kugongwa na ndege wa angani, kama inavyotakiwa kwa kila injini, hayakustahimili, na ikabidi kurudi kwenye titani. Gharama za injini ile kwa jumla zilikuwa zimeshapanda mno, na mnamo Februari 1971 Rolls-Royce ikafilisika na kuchukuliwa na serikali. Mwaka huo huo, kule Japani, Toray ilianza kutengeneza nyuzi hizo kwa biashara. Toray ilikuwa kampuni ya nguo, iliyoanzishwa mwaka 1926, ikiuza nailoni na poliesta, kwa hiyo mishahara ilitoka kwenye nguo huku nyuzi za kaboni zikiuzwa kwa watengenezaji wa fimbo za kuvulia samaki na fimbo za gofu. Wahandisi wa ndege walikuja baadaye, kidogo kidogo. Boeing 787, ambayo karibu nusu ya uzito wake ni vitu vilivyoimarishwa kwa nyuzi za kaboni, ilianza kubeba abiria mwaka 2011. Ni miaka 40 kamili tangu Toray ianze.

Kampuni tunayoijadili haina nailoni ya kuuza. Nimeisoma taarifa yake ya mwaka, na mapato yake makubwa, mbali na ruzuku za utafiti, yanatokana na kitu kile kile ambacho bado kinatafuta wateja. Kama grafini itahitaji hata robo ya muda uliohitajiwa na nyuzi za kaboni, ni lazima tujue chakula cha miaka hiyo kitatoka mfukoni mwa nani.

Mama mmoja wetu, anayeuza saruji kule Malaba, ndiye aliyeuliza swali bora kuliko yote katika kikao kile, na ajabu ni kwamba halikujibiwa, watu walicheka tu wakaendelea. Aliuliza: hiyo dawa yenu inaongeza shilingi ngapi kwa mfuko? Niliporudi nyumbani nilikaa nikalipigia hesabu swali lake, na ningependa tulifanye pamoja. Namba hizi ni za mfano, lakini zimo katika mipaka ya mambo yanayozungumzwa katika biashara hiyo. Tuseme kiasi kinachohitajika ni gramu 3 za grafini kwa kila kilo 10 za saruji, ambayo ni gramu 15 kwa mfuko wa kilo 50. Tuseme kilo ya grafini inauzwa dola 100. Gramu 15 zitagharimu dola moja na nusu, na tukihesabu dola moja kwa shilingi 3,600, hiyo ni shilingi 5,400 juu ya mfuko mmoja. Sasa, wenye kampuni wanadai kwamba zege likiwa na grafini linakuwa imara zaidi, hivyo mjenzi anaweza kupunguza saruji kwa asilimia 20 na kupata nguvu ile ile. Mfuko ukiwa shilingi 32,000, asilimia 20 ni shilingi 6,400. Anayetumia grafini atakuwa ameokoa shilingi 1,000 kwa mfuko, kabla ya kulipia usafiri, mashine ya kuchanganyia, na mtu wa kupima.

Shilingi 1,000 kwa mfuko si kitu cha kudharau kwa mjenzi wa daraja. Lakini angalieni jinsi hesabu hii inavyosimama kwa kidole kimoja. Kilo ikishuka hadi dola 50, faida inapanda kufikia shilingi 3,700, na biashara inakuwa nzuri sana. Ikigundulika kwamba katika saruji ya hapa kwetu, iliyochanganywa na pozolana, yaani majivu ya volkano, upunguzaji unaowezekana ni asilimia 10 badala ya 20, mjenzi anapata hasara ya shilingi 2,200 kwa kila mfuko na hatanunua tena hata ukimpa semina kila wiki. Katika mji huu hakuna asiyejua kwamba mteja huhama duka kwa tofauti ya shilingi 500. Kwa hiyo ninaposoma taarifa ya kampuni ya grafini, neno la kwanza ninalolitafuta ni bei kwa kilo na la pili ni kiasi kinachowekwa. Katika kurasa zaidi ya 80 za taarifa ya kampuni hii, bei kwa kilo haikuandikwa hata mara moja. Huenda wanaificha kwa washindani, na hiyo ni sababu halali, ila nasi tuna haki ya kuuliza kabla ya kutoa fedha.

Kuna jambo jingine la maabara ambalo wawekezaji wadogo hawaambiwi. Vipande vya grafini havipendi kutengana. Ukivimimina katika maji au katika saruji bila utaalamu, vinashikana na kuwa mabonge, kama unga uliotiwa kwa pupa katika uji unaochemka, na bonge la grafini ndani ya zege haliongezi nguvu, linaweza hata kuwa mahali pa ufa kuanzia. Kusambaza vipande hivyo sawasawa ndani ya tani elfu za zege, katika mtambo wenye vumbi, kwa mikono ya watu wenye haraka, ni kazi tofauti kabisa na kufanya hivyo katika bilauri ya maabara. Tena si kila kinachouzwa kwa jina la grafini ni grafini. Mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore walichapisha vipimo vya sampuli kutoka kwa watengenezaji 60 wa sehemu mbalimbali za dunia, wakakuta kwamba nyingi kati ya hizo zilikuwa na grafini chini ya asilimia 10, na sehemu kubwa iliyobaki ilikuwa grafiti ya kawaida iliyosagwa laini. Mwaka mmoja kabla ya hapo shirika la viwango la kimataifa, ISO, lilikuwa limeshatoa fasili inayosema tabaka zikizidi 10 kitu hicho hakistahili kuitwa grafini. Mteja aliyewahi kununua grafiti ghali kwa jina la grafini, akaona haikumsaidia, si rahisi kumrudisha, hata kama kampuni yetu inatengeneza kitu safi.

Na hata pale kila kitu kinapofanya kazi, viwango vinachukua muda wake. Saruji inayouzwa Uganda hukaguliwa na Shirika la Viwango la Taifa, UNBS, na viwango hutaja kilichoruhusiwa kuwemo ndani ya mfuko. Mhandisi anayetia sahihi ramani ya daraja hawezi kuweka kitu ambacho kiwango chake hakikitambui, kwa sababu daraja likipasuka ni jina lake litakaloitwa mahakamani. Kupima zege kwa siku 28 ni jambo la mwanzo tu, watu wa madaraja na mabwawa wanataka kuona miaka. Ulaya nako mambo ni hivyo hivyo.

Sasa nije kwenye hoja ambayo naamini kila mwanachama anapaswa kuielewa hata kama atasahau mengine yote niliyosema. Ni habari ya hisa mpya. Kampuni isiyopata faida huishi kwa fedha taslimu iliyo nazo benki, na fedha hizo zikikaribia kwisha, inatoa hisa mpya na kuziuza, mara nyingi kwa bei ya chini kuliko ya soko ili kuwavutia wanunuzi. Tuchukue mfano. Kampuni ina hisa milioni 200, kila moja inauzwa peni 10, kwa hiyo soko linaithamini kwa pauni milioni 20. Kampuni ina pauni milioni 3 benki, na inatumia milioni 4 zaidi ya inachoingiza kila mwaka. Bila kuwa mhasibu unaona kwamba imebakiwa na miezi 9. Basi inauza hisa milioni 50 kwa peni 8 na kupata pauni milioni 4. Mwaka unaofuata, kwa kuwa soko limeingiwa na wasiwasi, inauza hisa milioni 80 kwa peni 5 kupata kiasi hicho hicho. Mwaka wa tatu inauza milioni 100 kwa peni 4. Hisa sasa ni milioni 430. Kikundi chetu, ambacho kilikuwa na hisa 200,000, kilianza kikiwa na sehemu moja katika kila elfu moja ya kampuni, na sasa kina sehemu moja katika kila elfu mbili mia moja na hamsini, bila kuuza hata hisa moja. Ili hisa yetu irudi peni 10 tulizolipa, kampuni itabidi iwe na thamani ya pauni milioni 43, zaidi ya mara mbili ya ilivyokuwa siku tuliyonunua. Hebu fikirini: kampuni imefanikiwa, thamani yake imezidi maradufu, magazeti yanaisifu, nasi tumerudisha mtaji tu.

Wakubwa hujikinga na jambo hili kwa kununua katika kila awamu kwa bei ile ya chini. Sisi tulio Tororo, tunaonunua kupitia wakala wa mbali, mara nyingi hatualikwi. Hisa hizo huuzwa kwa taasisi kwa siku moja, na zile zinazotolewa kwa wenye hisa wadogo mara nyingi huwa na sharti kwamba mnunuzi awe mkazi wa nchi fulani fulani. Ndiyo maana nasema kwamba kampuni ya namna hii inaweza kuwa uwekezaji mzuri kwa tajiri wa London na uwekezaji mbaya kwetu kwa wakati mmoja, kwa hisa ile ile.

Kijana mmoja alisema kwamba hofu hii itaondoka kampuni ikipata mteja mmoja mkubwa, na akataja kwamba inazungumza na mtengenezaji wa saruji mwenye jina. Namwelewa, lakini mteja mmoja mkubwa ana hatari zake. GT Advanced Technologies ya Marekani ilifunga mkataba na Apple mwaka 2013 wa kutengeneza kioo cha yakuti samawi kwa ajili ya simu, katika kiwanda cha Mesa, Arizona, na ikaahidiwa malipo ya awali ya dola milioni 578 kwa awamu. Wawekezaji wadogo walishangilia, na nani angewalaumu? Kioo hakikutoka kwa ubora na wingi uliotakiwa, simu mpya zikaja bila yakuti, na tarehe 6 Oktoba 2014 kampuni ikaenda mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai. Hisa iliyokuwa dola 11 siku ya Ijumaa ilikuwa chini ya dola 1 Jumatatu jioni. Na kampuni yetu hii haijafikia hata mkataba. Nimesoma matangazo yake ya miaka miwili. Mengi yanazungumzia makubaliano ya maelewano, ushirikiano wa utafiti, majaribio na sampuli zilizotumwa. Oda ya pili kutoka kwa mteja yule yule, iliyo kubwa kuliko ya kwanza, niliikuta mara moja tu, nayo ilikuwa ya kiwanda cha rangi, si cha saruji.

Ilitolewa pia hoja ya uzalendo, kwamba Uganda ina grafiti na kwa hiyo tunapaswa kuwa na mkono katika biashara hii. Ni kweli kwamba grafiti ipo Orom, wilayani Kitgum, na mradi wa Orom-Cross una leseni ya uchimbaji ya miaka 21 iliyotolewa mwaka 2019. Ni kweli pia kwamba mnamo Januari 2024 leseni ya kuchimba madini adimu ilitolewa kwa mradi wa Makuutu, kule Busoga, si mbali na hapa. Lakini mgodi na kampuni ya grafini ni wanyama wawili. Grafiti ya migodini soko lake kubwa linalokua ni betri za magari, na usafishaji wa grafiti ya betri uko karibu wote mikononi mwa China, nchi iliyoanza kudhibiti usafirishaji wake nje tarehe 1 Desemba 2023. Mgodi wa Balama, Msumbiji, ambao ni miongoni mwa mikubwa duniani, umewahi kusimamisha kazi zaidi ya mara moja, mara kwa bei ya chini, mara kwa maandamano. Tukitaka kujadili migodi, tujadili migodi siku nyingine, tena kwa furaha, ila tusiitumie Kitgum kuhalalisha ununuzi wa hisa za kampuni ambayo malighafi yake, kwa maelezo yake yenyewe, haitoki Afrika.

Wenzangu watauliza, je, fedha zetu zikibaki hapa zitafanya nini? Hatifungani ya serikali unaweza kuanza na shilingi 100,000. Katika minada ya miaka hii ya karibuni hati za miaka 10 zimetoa riba ya asilimia 15 na zaidi, na kodi yake kwa hati za muda huo ni asilimia 10 ya riba. Mtu anayebakiwa na asilimia 13.5 na kuirudisha kazini kila inapolipwa, fedha zake zinakuwa maradufu katika miaka mitano na nusu hivi. Kwa hiyo hisa ya London isiyolipa gawio lazima angalau iwe maradufu kwa shilingi katika muda huo ndipo tuseme imetufikisha pale ambapo tungefika tukiwa tumeketi. Hisa za MTN tulizonunua kwa shilingi 200 mwaka 2021 zimekuwa zikitulipa gawio. Hazihitaji ugunduzi wowote mpya ili kufanya hivyo.

Pamoja na hayo, sitaki niondoke hapa nikiwa nimewavunja moyo vijana, kwa sababu kuna sehemu ya hoja yao ambayo ni nzito na wazee hawakuijibu. Utengenezaji wa saruji hutoa kati ya asilimia 7 na 8 ya kaboni dioksidi yote inayotokana na shughuli za binadamu, na sheria za Ulaya zinazidi kuwabana watengenezaji. Kitu chochote kitakachopunguza saruji katika zege bila kupunguza nguvu kitapata mnunuzi, na bei ya kaboni ikiendelea kupanda, ile hesabu yangu ya shilingi 1,000 kwa mfuko itaonekana ndogo mno. Inawezekana kabisa kwamba mmoja wa watengenezaji wa grafini waliopo leo atakuwa mkubwa. Pia ni kweli kwamba kikundi kinachoweka kila kitu katika hatifungani kinamkopesha mtu mmoja tu, yaani serikali. Kutafuta mahali pengine pa kuweka fedha ni busara, na ninapenda kuona kwamba wazo hilo limetoka kwa watu wa umri wenu.

Kwa sababu hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, pendekezo lilivyoandikwa, la kutoa robo ya akiba kwa mkupuo, nitalipigia kura ya hapana. Ninaleta badala yake pendekezo lililorekebishwa: kwamba kikundi kisizidishe sehemu moja katika ishirini ya akiba, kwamba fedha hizo zitolewe kwa awamu nne, kila awamu baada ya kusoma taarifa ya nusu mwaka, na kwamba awamu ya kwanza isitolewe hadi kampuni iwe imetangaza mauzo ya bidhaa, bila kuhesabu ruzuku, yaliyokua kwa vipindi viwili mfululizo, na iwe na fedha benki za kutosha miezi 18. Ununuzi ufanywe kupitia wakala mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na si kupitia programu ya simu ambayo mmoja wetu ametumiwa na rafiki.

Nimeandika pia rasimu ya barua kwa ofisi ya mahusiano ya wawekezaji ya kampuni hiyo, yenye maswali matatu: bei kwa kilo kwa mteja anayenunua tani moja, idadi ya wateja waliorudi kununua katika miezi 12 iliyopita, na kama wenye hisa wa Uganda wataruhusiwa kushiriki katika utoaji wa hisa mpya. Kampuni za soko lile zina desturi ya kujibu barua za namna hii, hata zikitoka kwa watu wadogo. Nakala iko kwa Katibu, na naomba isomwe sasa ili wanachama waongeze au wapunguze kabla Mwenyekiti hajaitia sahihi.